Haki Isiyo na Mlango wa Mahakama

Katika darasa la lugha ninalohudhuria hapa Ujerumani tuligawiwa kijitabu cha Katiba ya nchi hii, chembamba kiasi cha kuingia mfukoni, na kwa kila haki tuliyoisoma mwalimu aliuliza swali lilelile: "Ukinyimwa, utakwenda wapi?" Jibu nalo halikubadilika: kwanza mahakama za kawaida, na huko ukikwama, Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe, ambako mtu hulalamika bila ada na bila kulazimika kuwa na wakili. Usiku ule niliifungua Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977.

Naijivunia. Ibara ya 20 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake, ilhali hapa uhuru wa kukusanyika umeandikwa kuwa wa Wajerumani. Ibara ya 11(2) inatamka kwamba kila mtu anayo haki ya kujielimisha, haki ambayo Katiba ya Ujerumani haikuitaja kwa jina. Lakini ibara yetu hiyo imewekwa katika Sehemu ya Pili, miongoni mwa malengo ya Serikali, na ibara ya 7(2) imekwisha kusema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu na mahakama yoyote. Haki za msingi, zinazoanzia ibara ya 12, hufikishwa Mahakama Kuu kwa ibara ya 30. Haki ya elimu, ambayo mzazi yeyote angeitaja ya kwanza, imebaki nje.

Novemba 2021 inaniuma zaidi. Mwezi huo majaji wa Karlsruhe, wakiamua kesi ya shule zilizofungwa wakati wa korona, walitambua kwa mara ya kwanza kwamba mtoto ana haki ya kupata elimu ya shule, wakaichota katika ibara ambazo haziitaji haki hiyo. Mwezi huohuo kwetu, wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni, kwa waraka wa Serikali, si kwa amri ya mahakama. Nilifurahi mno. Hata hivyo, miaka yote waliyokaa nje ya geti, ibara ya 11(2) ilikuwapo kitabuni, na hakuna aliyeweza kuishika mkononi mbele ya jaji akasema, nipeni hiki.

Wapo watakaosema nimeona taa za Ulaya nikaanza kuidharau nchi iliyonisomesha. Ningekuwa naidharau nisingekesha na ibara zake. Wengine watasema nchi yenye uwezo mdogo haiwezi kushtakiwa kwa kila dawati linalokosekana. Mbona Kenya iliiweka elimu ndani ya Sheria ya Haki, yaani sura ya haki zinazodaiwa mahakamani, katika Katiba yake ya 2010, na wao si matajiri wa Ulaya? Tena katika kesi ile ya Karlsruhe Serikali ndiyo iliyoshinda: haki ilitambuliwa, na kufungwa kwa shule kukaonekana halali kwa wakati ule. Atakayenikumbusha elimu bila ada iliyoanza 2016, nakubaliana naye kwa moyo wote, ila nayo ililetwa na waraka.

Wiki ijayo kila mwanafunzi atasoma haki moja ya kwao. Nitaisoma ibara ya 11(2) kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha nitaifasiri. Mwalimu akiniuliza swali lake, itanibidi nisome na ibara ya 7(2).