Jipsam ya nini na bati halijaonja masika?

Sisi watu wa Tanga tunapenda kuhamia nyumba inang'aa. Mi nimejenga huku Pongwe, vyumba viwili na sebule, hela imebaki kiduchu lakini nikang'ang'ania lazima nipige dari la jipsam kwanza, eti wageni wakija watasemaje. Fundi, mzee wa Makorora, akanambia "mwanangu, acha masika yapite kwanza", nikamwona anataka kurefusha kazi tu.

Masika yakaja. Asubuhi moja naamka naona duara la rangi ya chai juu ya kitanda, kesho yake bodi imetuna kama andazi, nikaigusa na mti wa ufagio ikashuka yote, vumbi jeupe na mavi ya popo shukani. Kupanda juu kuangalia, kumbe ni msumari mmoja wa bati uliopigwa bila mpira. Mmoja! Na jipsam ni unga mgumu uliobanwa kati ya makaratasi, ikishakunywa maji ndo basi tena, hata uianike vipi.

Halafu piga hesabu. Chumba cha futi 12 kwa 12 ni futi 144 za mraba, bodi ya 4 kwa 8 inaziba 32, kwa hiyo unanunua 5 na kipande kinabaki. Unaona kidogo eeh? Bado mbao za blandaring (fremu ya kushikia bodi), skrubu (za bei chee zinashika kutu huku pwani), konisi (urembo wa pembeni ya dari), skimu (ule unga wa kulainisha uso wa bodi), rangi na hela ya fundi, kwangu mbao na fundi ndo walimeza kuliko bodi zenyewe.

Kwa hiyo chumba cha watoto nimekiacha wazi, bila dari. Kenchi nimezipaka dawa ya mchwa, nyaya zote ndani ya paipu, upenuni nimebana wavu popo wasiingie, basi. Bati likivuja naliona siku hiyohiyo.

Joto siwadanganyi lipo, Februari saa nane mchana bati linapumua kabisa. Nikanunua majamvi, nikayatandaza chini ya kenchi kwa kamba za mkonge, mbali na taa, na afadhali ipo kwa kweli, japo vumbi linadondoka.

Mama mkwe alipokuja akatazama juu weee, mwisho akasema "dari la bibi yangu lilikuwa hivihivi". Mpaka leo sijui alinisifu au alinipa pole.