Bando la Kupimwa na Malipo ya Mwezi: Mzigo Unamwangukia Nani?

Katika miji ya Afrika Mashariki, aliyeungiwa intaneti ya waya (faiba) nyumbani hulipa kiasi kimoja kwa mwezi bila kuhesabu MB, ilhali jirani yake anayetegemea simu hununua bando la siku au la wiki na kuzima data kila anapomaliza kusoma ujumbe.

Wanaotetea malipo kwa kipimo wana hoja nzito. Masafa ya redio ya mnara mmoja wa simu hugawanywa kwa wote walio karibu nao, hivyo wachache wakitumia bila kipimo wengine hukwama. Kampuni ya intaneti ya AOL ya Marekani ilipoacha kutoza kwa saa mnamo Desemba 1996 na kuanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi, laini zake za simu, ambazo wateja walizipitia kuingia mtandaoni, zilielemewa hata wengi wakashindwa kabisa kuunganishwa.

Hata hivyo, MB si kipimo sahihi cha gharama. Fedha nyingi za kampuni huenda kwenye kujenga mtandao unaohimili msongamano wa jioni, na MB inayotumika saa tisa usiku haiongezi karibu gharama yoyote. Ndiyo maana kampuni zenyewe huuza bando za usiku kwa bei nafuu. Wakati huohuo, mwanafunzi anayeogopa bando kumwishia hushusha ubora wa video ya somo la fizikia mpaka maandishi ya ubaoni hayasomeki.

Ninachokiona kuwa dhuluma hasa ni muda wa ukomo. Anayenunua GB 1 ya saa 24 na kutumia nusu yake hupoteza nusu iliyobaki, kwa hiyo amepimiwa kama mlipaji wa matumizi na bado amelipia asichokitumia. Kampuni hujibu kwamba ukomo ndio unaoshusha bei, na ni kweli kwamba bando zisizoisha muda, kama zile ambazo Safaricom ilizianzisha Kenya mwaka 2019, kwa kawaida huwa ghali zaidi kwa kila MB. Lakini mtandao hupangwa kwa mwenendo wa mamilioni ya wateja, si kwa salio la mtu mmoja.

Kanuni za mwaka 2021 za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ziliruhusu salio la bando kuendelea kutumika, ila kwa sharti la mteja kununua tena kifurushi kilekile kabla ya muda kuisha. Sharti hilo linafaa kuondolewa, kwa sababu anayenunua bando la siku mara nyingi ndiye asiyejua kama kesho atakuwa na fedha ya kununua jingine.