Uingereza, barua ya kuacha kazi huandikwa mwisho

Nyumbani, iwe Kenya au Tanzania, kuacha kazi ni jambo lako na mwajiri wako. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, anadai cheti chake cha utumishi, na siku ya 29 hakuna anayemuuliza kwa nini bado yuko nchini. Kodi ya nyumba inaweza kumshinda, lakini atarudi kwao na atapokewa. Uingereza, kwa mwenye viza ya kazi ya kudhaminiwa, mkate na ruhusa ya kuishi vimefungwa kamba moja, na anayeishika kamba hiyo ni mwajiri. Wenzetu wengi, hasa wauguzi na watunza wazee, hulijua hili baada ya kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, kwa mazoea ya nyumbani.

Viza hiyo haihamishwi. Ukibadilisha mwajiri unaomba upya, ukiwa humo humo nchini, na huruhusiwi kuanza kazi mpya mpaka jibu litoke. Hata ukibaki kwa mwajiri yuleyule lakini ukapewa kazi yenye msimbo mwingine, yaani namba ambayo serikali huipa kila aina ya kazi, unaomba upya. Kwa hiyo tafuta mwajiri kwanza, upate cheti cha udhamini, utume maombi, usubiri jibu huku ukiendelea na kazi ya zamani, ndipo barua ifuate. Sheria hairuhusu tu kungoja ukiwa kazini, inakuruhusu pia kumalizia notisi yako. Tatizo ni tarehe: ukichelewa kuanza kazi mpya zaidi ya siku 28, mwajiri mpya anapaswa kuitaarifu Wizara ya Mambo ya Ndani. Soma mkataba wako wa sasa kabla ya kukubali tarehe ya kuanza. Mwenye notisi ya wiki nane asikubali kupangiwa mwezi mmoja.

Mwajiri mpya lazima awe na leseni ya udhamini. Serikali huchapisha orodha ya wenye leseni mtandaoni, bure. Tafuta jina kamili lililo kwenye mkataba, si lile la kwenye bango la mlangoni, maana kampuni mbili zinaweza kufanana jina, na leseni ya moja haimfai mfanyakazi wa nyingine. Kwa watunza wazee kuna masharti zaidi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiriwa kazi hiyo kutoka nje umefungwa. Walioko ndani wanaweza kubadilisha mwajiri hadi tarehe 22 Julai 2028, ila anayeingia kwenye viza hii kutoka viza ya aina nyingine awe amefanya kazi kihalali kwa mdhamini huyo miezi mitatu kabla ya kupewa cheti chake.

Cheti chenyewe si karatasi ya kubandika ukutani. Ni rekodi kwenye kompyuta yenye namba yake, na una miezi mitatu ya kuitumia tangu itolewe. Usiridhike na namba tu, omba kuonyeshwa kilichoandikwa ndani na ukisome mstari kwa mstari. Msimbo 6135 ni mtunza wazee wa kawaida, 6136 ni mwandamizi. Ukiandikiwa 6136 na majukumu yote yaliyoorodheshwa ni kuogesha, kulisha na kutandika vitanda, afisa ana haki ya kushuku, na aibu na hasara ni zako. Kisha piga hesabu ya saa. Aprili 2025 mshahara wa chini wa viza ya afya, ile ya kudhaminiwa wanayopewa wauguzi na watunza wazee, uliwekwa pauni 25,000 kwa mwaka na pauni 12.82 kwa saa. Mkataba wa saa 30 kwa wiki kwa kiwango hicho haufiki hata 20,000, ingawa kila saa imelipwa sawasawa. Maombi mengi hukwama kwenye hesabu ndogo kama hii.

Ukiombwa fedha za cheti au za leseni, kataa. Gharama hizo ni za mwajiri na amekatazwa kumtwika mfanyakazi. Ada ya viza ni habari nyingine, hiyo mnaweza kukubaliana nani alipe. Wenye viza ya afya hawalipi ada ya matibabu, ambayo kwa wengine ni pauni 1,035 kila mwaka wa viza.

Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki nane. Katika muda huo usisafiri nje, hata kwa msiba. Najua uzito wa neno hilo kwetu, lakini ukitoka Uingereza na kwenda nje ya Ireland na visiwa vya jirani, maombi yanahesabiwa kuwa umeyaondoa. Zile saa 20 za ziada kwa wiki unazoruhusiwa kufanya kwa mwajiri mwingine nazo zisikudanganye: zinategemea kazi yako ya kwanza, na ukiiacha zinaondoka nayo.

Ukiacha au kufukuzwa kabla ya yote haya, mwajiri ana siku 10 za kazi kutoa taarifa, kisha wizara huandika barua inayokata viza hadi siku 60, au pungufu kama viza yenyewe ilibakiza pungufu. Hapa ndipo naona sheria ina ukatili. Uchunguzi wa rekodi ya uhalifu na barua za wadhamini wa tabia peke yake hula wiki kadhaa. Na siku hizo 60 humkuta pia mtu ambaye kosa lake ni kwamba kampuni iliyomleta imenyang'anywa leseni. Walau miezi sita ingekuwa haki.

Nasi tusijisahau. Mgeni mwenye kibali cha kazi cha daraja D Nairobi naye amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea, na Dar es Salaam hali haiko mbali na hiyo. Tofauti ni kwamba Uingereza masharti yameandikwa, yanasomeka, na siku zinahesabika. Anayezihesabu mapema huhama akiwa na mshahara, na hesabu yake ya kuelekea ukaazi wa kudumu haivunjiki kwa sababu tu amebadilisha mwajiri.

Ukiwa bado kazini, jiunge na huduma ya kuhuisha cheti cha rekodi ya uhalifu ndani ya siku 30 tangu kitolewe. Ada yake kwa mwaka ni ndogo, na mwajiri ajaye ataweza kukihakiki mtandaoni badala ya kukuanzishia kingine.