Si Sita kwa Sita

Keko ukimwambia fundi "sita kwa sita", huna haja ya kuongeza neno. Futi sita upana, futi sita urefu, halafu anaacha nusu inchi kila upande ndani ya fremu ili shuka lipate pa kuchomekwa. Anakata chaga 12 za inchi tatu, pengo inchi tatu na kidogo, kazi inaanza. Vitanda vya mjini hapa ni nne kwa sita, tano kwa sita na sita kwa sita, na nilikuwa sijawahi kuvichanganya mpaka alipokuja mama mmoja Mwitaliano kutoka Msasani.

Mama mcheshi, Kiswahili chake cha miezi mitatu, na anakitumia bila aibu. Alipita bandani, akapenda kitanda cha mninga kilichokuwa kinasubiri vanishi, akakipiga picha, akaniachia namba. Yaliyobaki tukayamaliza kwa meseji.

Nikauliza: "Mama, godoro lako ni sita kwa sita?"

Akajibu: "Si sita kwa sita."

Haya. Mtu anaishi peke yake, sita kwa sita ya nini? Nikaandika kwenye daftari: 5 x 6.

"Mbao iwe mninga kama ule uliouona?"

"Si mninga."

Hapo roho iliniuma kidogo, mninga si mbao ya kukataliwa. Lakini mteja ni mteja. Nikaandika: paini ya Mafinga.

"Na droo mbili chini?"

"Si droo mbili."

Nikafuta droo. Nikamwandikia kwamba bei itashuka sana. Akarudisha "Grazie fundi!!" na maua matatu. Kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikahakikisha mara ya mwisho: "Kwa hiyo si mninga?"

"Si si mninga!"

Kijana wangu alikuwa anachungulia begani. Akasoma kwa sauti: "Sisi mninga. Fundi, wamegeuka mbao?" Nikamfukuza akapige msasa. Mtu akikataa mara mbili na alama ya mshangao juu, ujue amechoka kuulizwa.

Paini usiidharau, ina adabu zake. Ukipiga skrubu karibu na kingo bila kutoboa tundu dogo kwanza, inapasuka. Vanishi ya kwanza inainywa yote kama mchanga, kwa hiyo nilipaka mara tatu, msasa namba 120 kabla, 240 katikati. Siku ya tisa tukapakia kwenye kirikuu, tukaenda Msasani.

Tukafunga matendegu, tukapanga chaga, tukabwaga godoro. Likaning'inia inchi sita kulia, inchi sita kushoto, kama masikio ya tembo. Mama akalitazama. Akainama kutafuta droo. Akainuka, akanusa mbao.

"Fundi," akasema taratibu, "si nilisema sita kwa sita?"

Hasira ikanipanda, maana sentensi hiyo ni Kiswahili safi, hata shangazi yangu wa Temeke angeisema hivyo hivyo. Ni "si" ile ile inayokataa, lakini ukiitanguliza kwenye swali inamkunja mtu shati mpaka akubali. Nikamsogezea simu. "Mama, uliandika si!"

"Ndiyo! Niliandika si!"

"Si ndiyo hiyo!" nikasema, na hapo hata mimi nikajipotea.

Aliyetuokoa ni dereva wa kirikuu, ambaye zamani alifanya kazi hotelini Nungwi, kwenye Waitaliano wengi kuliko minazi. Alicheka mpaka akakalia chaga. "Fundi, si ya kwao ni ndiyo."

Kwao huandikwa na kijimstari juu ya i, sì. Ukikiacha inakuwa neno jingine, linalofanya kazi kama "ji" yetu ya kujipenda na kujikuna. Mama kwenye simu hakuweka kijimstari wala koma. "Si, sita kwa sita": koma moja tu, na mimi ningelala na hela ya mninga. Na "si si" haikuwa hasira. Mwitaliano akifurahi hukubali mara mbili.

Tangu siku hiyo nikawa naulizauliza, na kumbe silabi hii imechakaa dunia nzima. Mhispania naye akisema sí amekubali. Mfaransa ana si ya "kama", na nyingine ya kumbishia mtu aliyekanusha: ukimwambia hukulipa, naye amelipa, anakujibu si. Mchina anayeniuzia bawaba Kariakoo aliniambia sauti ikishuka ghafla ni nne, ikishuka kisha ikapanda ni kifo, na ndiyo maana kwao kuna majengo yasiyo na ghorofa ya nne. Hata nota ya saba Waitaliano huiita si. Kwenye kwaya sisi tunaimba ti, kwa sababu mama mmoja wa Uingereza, Sarah Glover, katika karne ya 19 alitaka kila nota ianze na herufi yake, na S ilishachukuliwa na sol. Angalau kuna mtu aliliona tatizo hili mapema.

Kitanda cha paini alikichukua dereva, kwa bei ya mtu aliyekwisha kukucheka. Cha mninga nikakianza upya, na safari hii sikuuliza la kujibiwa ndiyo wala hapana. "Mninga au paini? Andika moja. Upana futi ngapi? Andika namba." Mama naye, kwa kunihurumia, akaapa hataandika tena si. Atatumia ndiyo.

Jana kazi imeisha, brashi iko mkononi, kopo limefunguliwa. Nikajisahau, nikamwandikia: "Mama, vanishi ya kung'aa hutaki?"

"Ndiyo."

Kwetu hiyo ni ndiyo, sitaki. Lakini mwenzetu hajibu swali lako lilivyokaa, anajibu anachokitaka moyoni: asingetaka, angesema no. Sasa hapa amejibu kwa Kiswahili cha nani?

Brashi nikaitundika. Nikampigia dereva.