Kabla ya kupandisha REGION, hesabu bloku

Kazi ya mkupuo (programu inayoachwa ijiendeshe yenyewe hadi mwisho) ikichelewa kwenye meinfremu, jibu ninalolisikia kila mara ni lile lile: iongezee kumbukumbu, weka REGION=0M yaishe (REGION ni kikomo cha kumbukumbu cha kazi, na 0M ni kuipa yote iliyopo). Silikubali.

Najifunza mashine hizi hapa Mwanga, Kigoma, kwa Hercules, programu inayoigiza kompyuta kubwa za IBM ndani ya laptopu. Juu yake naendesha MVS ya zamani, mfumo endeshi wa mashine hizo, ile ya anwani za biti 24. Kila kazi ina nafasi ya megabaiti 16, na humo humo mfumo nao unachukua fungu lake.

Mdogo wangu ninayejifunza naye aliandika programu, kwa lugha ya COBOL, ya kuandika faili la rekodi milioni moja, kila moja baiti 80. Kazi ikaburuta. Akapandisha REGION mara tatu, mwendo haukubadilika. Nilipofungua programu, kwenye maelezo ya faili hakukuwa na BLOCK CONTAINS, mstari unaosema rekodi ngapi zikae kwenye bloku moja, yaani fungu linaloandikwa diskini kwa mpigo mmoja. Ukiiacha, COBOL huifanya kila rekodi bloku yake. Rekodi milioni, bloku milioni! Tukaandika BLOCK CONTAINS 0 RECORDS, ili ukubwa wa bloku utoke nje ya programu, na kwenye JCL, maagizo ya kuendesha kazi, tukaweka BLKSIZE=27920, ukubwa wenyewe kwa baiti. Nusu traki (traki ni duara moja la diski) ya diski ya IBM 3390 inapokea hadi baiti 27,998, hivyo hapo zinaingia rekodi 349 kamili. Bloku zikashuka hadi 2,866. Faili lililokuwa linameza silinda 855 (silinda ni kundi la traki) likatosha kwenye 96. Na kumbukumbu? Hata bafa 5, sehemu za kumbukumbu zinazoshika bloku, zingetaka baiti 139,600 tu.

Shuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, asubuhi mitumbwi ikirudi. Akina mama wanapakua dagaa kwa beseni. Anayepakua kwa kiganja, hata umpe uwanja mpana kiasi gani wa kuanikia, jua litazama uwanja ukiwa mtupu.

Tena REGION=0M ina gharama. Kwenye z/OS ya leo, mrithi wa MVS, kama hujaandika MEMLIMIT, inaondoa hata kikomo cha kumbukumbu iliyo juu ya gigabaiti 2. Programu iliyopotea njia haikuti ukuta. Kumbukumbu halisi ikipungua, kurasa, vipande vya kumbukumbu, zinasukumwa diskini, na kazi za wengine zinaumia bila kosa.

Kupanga data ni habari nyingine. Kisichoenea kwenye kumbukumbu kinaandikwa kwenye faili za muda kisha kinasomwa upya, kwa hiyo kila megabaiti inaonekana. Kazi inayofuata ya mdogo wangu ni kulipanga faili lile lile kwa majina. REGION ya hiyo nimemwambia apandishe.