Mwenyewe wa Kiingereza

Wengi wetu tulifundishwa "myself", "yourself", "himself" na wenzao kwa jedwali. Safu hii kiwakilishi, safu ile kiwakilishi kilichotiwa -self, kisha mfano mmoja wa mtoto aliyejikata: "He cut himself." Kengele ikalia. Ukienda kuwasikiliza Waingereza wakipiga soga, utagundua kwamba huyo mtoto wa kisu haonekani mara nyingi hivyo. Utasikia "I don't drink coffee myself." Utasikia "Is this for yourself, madam?" Utasikia "The boss himself rang me." Hakuna aliyejitendea chochote katika sentensi hizo.

Kiswahili kimetuepusha na utata huu. "Amejikata" ni habari moja, "amekata mwenyewe" ni habari nyingine, na hata mtoto wa miaka minne hazichanganyi. Ile -ji- inakaa ndani ya kitenzi na kumrudishia mtendaji tendo lake. "Mwenyewe" anakaa nje akimkazia mtu. Wajerumani nao wametenganisha: "sich" ya kujitendea, "selbst" ya kusisitiza. Kiingereza kimelibebesha neno moja kazi zote mbili, kikaliachia sikio lipambanue. Katika "He hurt himself", neno la mwisho linapita chinichini na mkazo unabaki kwenye kitenzi. Katika "He fixed it himself", sauti inapanda palepale kwenye -self. Jedwali la ubaoni halina sauti, ndiyo maana mwanafunzi anatoka na alama zote za mtihani lakini hajui kulisema neno lenyewe.

Ugomvi wangu na vitabu vya shule ni kanuni moja maarufu: ukiiondoa -self na sentensi ikasimama, basi hiyo ni ya kusisitiza. Kanuni ni ya kweli mara nyingi. Tatizo ni kile inachomfundisha msomaji bila kukisema, kwamba neno hilo ni urembo tu, lisipokuwepo hakiharibiki kitu. Historia inasema vingine. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia England mwaka 1066, "self" ilikuwa kwanza ya kusisitiza. Mtu aliyejiosha alielezwa kwa kiwakilishi cha kawaida, kana kwamba "alimwosha", na msikilizaji akakisia mwenyewe ni nani aliyeoshwa. "Self" ilipachikwa polepole ili kuondoa mashaka. Kwa hiyo "himself" wa kisu ni mtoto wa "himself" wa msisitizo. Sisi shuleni tulitambulishwa kwa mtoto, tukaambiwa mzazi ni mapambo.

Tazama kazi yake. "The minister himself opened the letter": neno liko ubavuni mwa waziri, na maana yake ni kwamba kulikuwa na makatibu na wasaidizi ambao ungetarajia waifungue, lakini kafungua yeye, mkubwa wao. "The minister opened the letter himself": limesogea mwisho, sasa jambo ni kwamba hakutumia mkono wa mtu. Halafu kuna ya tatu, ambayo wageni wa lugha huikosa karibu wote: "I'm a bit tired myself." Hapo hakuna ukubwa wala mkono wa mtu. Mwenzako kasema amechoka, nawe unamwambia hata mimi hapa nilipo. Ukiiondoa, sentensi inasimama vizuri kabisa, ila ule ubinadamu wa kumwambia mwenzako "tuko pamoja" umeondoka nayo.

Kwa maoni yangu, "himself" ni neno la kupanga watu. Anayepewa anawekwa katikati, wengine wote wanasogea pembeni, hata wasipotajwa. Ndiyo maana "the Pope himself" inaingia sikioni bila shida, lakini "the Pope's driver himself" inakufanya usubiri maelezo: dereva kafanya nini cha kustahili kiti hicho?

Wairishi ndio wamelifikisha mbali. Kwao mtu anaweza kubisha hodi na kuuliza "Is himself in?" bila kutaja jina la mtu yeyote, na kila aliyemo anajua anaulizwa baba mwenye nyumba, au bosi. Mke naye humsema mumewe hivyohivyo, nusu heshima nusu mzaha, na wanawake wanaye "herself" wao. Kiirishi chenyewe kina neno "féin" la kazi hiyo, na Kiingereza cha huko kimekulia ubavuni mwake. Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Nenda dukani uulize bei ya kitu ambacho kijana wa kaunta hana ruhusa ya kukipunguza, utajibiwa "mwenyewe katoka". Hakuna atakayeuliza mwenyewe yupi.

Sasa lile "Is this for yourself, madam?" ambalo wapenda sarufi wa Uingereza wanalichukia. Wanasema "for you" inatosha. Kisarufi inatosha, lakini fikiria shida ya muuzaji. Kiingereza hakina shikamoo. Zamani kilikuwa na "thou" ya mtoto, rafiki na mtu wa chini, na "you" ya wakubwa. Ile ya kwanza ikatoweka katika lugha ya kawaida, ikabakia katika baadhi ya lahaja za kaskazini mwa England, na "you" ikawa ya mfalme na ya mwizi. Muuzaji anayetaka kumpa mteja uzito hana kiwakilishi cha kumpa. Basi anachukua kile kirefu zaidi, kile ambacho tayari kina mazoea ya kumweka mtu katikati. Mimi nasikia adabu hapo, wala sisikii ujinga. Hata ile "Fine, and yourself?" ya kurudisha salamu inafanya kazi hiyohiyo: zamu yako sasa, wewe ndiye wa kuulizwa.

Huruma yangu inakomea kwenye "myself" ya barua pepe za kiofisi. "Please send the report to Jane or myself." Anayeandika hivyo mara nyingi anaiogopa "me". Alipokuwa mdogo aligombezwa kwa kusema "me and my friend went", akakua akiamini "me" ni neno la mitaani, na "I" hapo hana hakika nayo, basi anajificha kwenye "myself". Anadhani amejishusha. Kumbe neno alilolikimbilia ndilo lile la waziri na la baba mwenye nyumba. Muuzaji aliyekuambia "yourself" alikuweka wewe kwenye kiti. Huyu amekikalia mwenyewe, tena kwa sura ya unyenyekevu. Kweli, waandishi wa Kiingereza wamekuwa wakiitumia hivyo kwa karne nyingi, na siwezi kuiita kosa. Naiita isiyopendeza.

Kuna ya kwetu pia. "Myself, I think the price is too high" unaisikia sana Nairobi na Kampala, na wajuaji huikunjia uso. Lakini anayesema hivyo anafanya kile ambacho "mimi mwenyewe naona" hufanya: anatenga nafasi yake kwanza, ndipo atoe maoni. Wahindi nao wana "Myself Rahul" ya kujitambulisha, ambayo huchekwa hovyo mitandaoni na watu wasiojua hata lugha ya pili. Katika mazungumzo sioni sababu ya kuziacha, kwa kuwa msikilizaji anaelewa na nia ni njema.

Barua ya kuomba kazi ni habari nyingine, kwa sababu huko anasoma mtu anayetafuta kisingizio. Huko andika "contact me", uweke nukta.