Parachichi Juu ya Drafti

Mteja wa tovuti hapa Mbeya atakuachia kila kitu isipokuwa picha. Picha analeta mwenyewe. Mama mmoja wa Tukuyu, anayenunua maparachichi ya Hass kwa wakulima, alinipa kazi ya kumtengenezea ukurasa wa biashara. Nikamwambia nitakuja kuyapiga picha yakiwa mtini, bure kabisa. Akacheka.

"Fundi, ya mtini kila mtu anayo. Mpwa wangu yuko Dar, atanitafutia ya Google."

Ikaja kwa WhatsApp. Parachichi limekatwa katikati, linang'aa, na nyuma yake vimraba vyeupe na vya kijivu vimejipanga safu kwa safu. Mafundi wenzangu hapa wameshaanza kucheka. Vimraba vile programu za picha huviweka pale pasipo na kitu, ili ujue ni pawazi. Kijana hakupakua picha yenyewe, alipiga skrinshoti ya ile ya kuonjesha inayotokea kabla ya kupakua, vimraba navyo vikawa rangi kamili. Tena imefika ikiwa JPEG, aina ya faili la picha ambayo tangu 1992 haina habari na mambo ya uwazi. Hiyo kazi ni ya PNG.

Nikamweleza Mama.

"Weka hivyo hivyo, mwanangu. Yeye kasema nyuma hakuna kitu."

Nikajaribu kumsitiri kimyakimya. Nikachukua ile fimbo ya kichawi ya kuchagulia rangi, nikagusa kimraba cheupe, nikafuta. Mng'ao wa parachichi ukaondoka nao. Nikailegeza fimbo kidogo ichague zaidi: nyama yote ikatoweka, likabaki kokwa linaning'inia hewani. Nikarudisha kila kitu. Mteja ni mfalme bwana, na malipo nusu yalikuwa bado.

Siku ya kuwaonyesha wakulima, mvua ya Tukuyu inatwanga bati (lini haitwangi?), projekta ikawashwa, parachichi likatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Kimya. Mzee mmoja mwenye koti zito akainuka, akasogea mpaka ukutani, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Nane... tisa... kumi... Fundi, drafti ni nane kwa nane. Hii yako wanacheza watu wangapi?"

"Na mbona kete ni moja tu?" akauliza mwingine.

Sauti ikatoka nyuma: "Hiyo ni kingi! Nyingine zote imeshazila!"

Bei za msimu hazikujadiliwa tena. Watu walicheka mpaka mvua haikusikika, na Mama akanivuta pembeni kuniuliza kwa nini nimemchorea drafti.

Juzi kanipigia, sauti imejaa furaha.

"Fundi, ndaga fijo kwa kunivumilia. Mpwa wangu kaleta nyingine, hii haina drafti hata kidogo. Tena wameipamba! Ina maandishi mepesi meupe yamepita mshazari juu ya parachichi lote. Usije ukayafuta, yamependeza."